Ampli Yenye Jina

Watu wa umri wangu Pemba wanazikumbuka barua za kaseti. Aliyekuwa na ndugu Arabuni hakuhangaika na kalamu. Alikaa mbele ya redio, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akazungumza upande mzima, kisha akamtafuta msafiri wa kuichukua. Mama alimrekodia mjomba barua moja ya namna hiyo, mlango umefungwa, sisi watoto tumefukuzwa uani, na baba hayupo. Hakuna aliyejua alisema nini. Mjomba alipofariki huko huko ugenini, miaka mingi baadaye, kaseti ilirudi ndani ya sanduku la nguo zake. Mama naye alikuwa ameshatangulia. Hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote.

Baba aliishika kaseti ile kwa mikono miwili. Macho yake siku hizi yanaona mwanga tu, na miguu humfikisha barazani, haimpeleki mbali zaidi. Aliipapasa, akasema anataka kuisikia kabla. Hakusema kabla ya nini, wala sisi hatukumuuliza.

Dada yangu, ambaye ndiye anayemtunza pale Mtambile, alikuwa na mpango wa mstari mmoja.

"Kaka, dukani kuna viredio vya kaseti. Nunua kimoja, tuitie, niirekodi kwa simu, yaishe."

"Vina jina gani?"

"Vina jina la kuimba."

Nilimjibu kwa mhadhara. Ndiyo kazi yangu. Kule Unguja nalipwa kuwahutubia watu wasioweza kuondoka. Nikamweleza kwamba kaseti ya umri ule haitiwi katika mashine ya ovyo, kwamba sauti ya mama inastahili ampli ya maana, na kwamba ampli ya maana ina jina moja tu. Jina lenyewe silitaji hapa. Nyumba yetu ilikuwa nayo ya jina hilo nilipokuwa mdogo, zawadi ya mjomba. Herufi zake za fedha zilikuwa zikifutwa kila Ijumaa kwa ncha ya kanga ya mama. Ilidumu kuliko paa lililokuwa juu yake. Baba alipotaka kumsifu mtu mwaminifu alimlinganisha nayo, na nakumbuka mchumba mmoja wa shangazi aliyekataliwa kwa sababu, kwa maneno ya baba, huyu ni wa kubandika jina.

Basi nikaenda mjini Chake, kwenye duka la vitu vilivyotumika vinavyoshushwa kwenye makontena kutoka Japani. Ilikuwa juu ya rafu, katikati ya majiko ya umeme na baiskeli za watoto, ina deki ya kaseti kifuani, spika mbili ubavuni na herufi zile zile za fedha. Bei yake ilikuwa ya mtu kama mimi, yaani anayetaka cha fahari kwa fedha ya kawaida.

"Hiyo asili, ustadhi," alisema mwenye duka. "Inyanyue uone."

Niliinyanyua. Ilikuwa nzito kama deni la baba mkwe. Nikapapasa herufi, nikachunguza skrubu, nikaigeuza nyuma. Kulikuwa na kibandiko cha maandishi ya Kijapani, na maandishi yale, ambayo sikuweza kusoma hata moja, ndiyo yaliyoniridhisha zaidi. Katikati yake palikuwa na namba mia moja. Niliiona. Naapa niliiona. Nikadhani ni nguvu ya spika.

Mwenye duka aliichomeka kwenye waya uliopotelea chini ya meza, akatafuta stesheni, na duka zima likajaa kisomo. Chini ya meza kitu kilikuwa kikinguruma polepole, kama paka aliyeshiba. Nilidhani ni friji. Sikuinama kutazama. Yeye hakunieleza, na simlaumu. Kisiwani hapa hakuna anayenunua kitu cha Japani bila kujua kinachoendana nacho, ila aliyesoma mno.

Nilifika Mtambile baada ya sala ya alasiri. Ulikuwa msimu, na mbele ya nyumba karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi hadi ukingoni mwa njia. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Baba alikuwa ameshaoga. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia ya viua, amekaa wima kwenye kiti, kama mtu anayesubiri kuozesha.

Dada aliizunguka ampli mara mbili.

"Ya Japani?"

"Asili."

"Na kisanduku cha kushushia umeme kiko wapi?"

"Cha nini? Imejaribiwa mbele ya macho yangu. Imechomekwa ukutani, ikaimba."

"Ukutani uliuona?"

Nikacheka. Sikuwa nimeuona ukuta. Nilikuwa nimeona waya ukiingia chini ya meza, na sekunde ile ile niliukumbuka ule mngurumo, nikausukuma mbali.

"Dada, jina hili halitaki vikorokoro."

"Weye kaka ukishika jina hushikiki," alisema. "Basi angalau tujaribu na kaseti nyingine. Ile ya harusi."

"Tia hiyo hiyo," alisema baba kutoka kwenye kiti chake. "Ya harusi nilikuwepo."

Nikaitia, nikachomeka waya wa ampli ukutani. Nikabonyeza kitufe cha kuchezea, kikashuka chini kwa mlio mzito, wa heshima, mlio ambao viredio vya dukani havina. Halafu tukasubiri umeme.

Sijui tulikaa muda gani. Mle chumbani harufu ya karafuu ilikuwa nzito mpaka kooni, na kupitia mlangoni nilimwona jirani akichoma makonyo, vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Dada alikuwa amesimama karibu na soketi. Aliiweka simu yake juu ya mkono wa kiti cha baba, skrini imewaka, na sikumuuliza kwa nini.

"Kaka, itoe," alisema kwa sauti ndogo. "Umeme ukirudi hurudi na hasira."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kwenye mashine, sikio lake zuri mbele.

"Iache," alisema.

Umeme ulirudi. Niliujua kwa kelele za watoto nje, na kwa taa ya ampli. Utotoni mwangu taa ile ilikuwa ya kijani iliyotulia. Hii iliwaka nyeupe, kali, kama jicho lililokodolewa.

Kisha mama akazungumza.

"Assalaam aleikum, kaka yangu. Huku sote hatujambo, ila..."

Ilikuwa sauti yake. Ilianza kama nilivyoikumbuka, ya chini, ya mtu anayetabasamu kabla ya kusema, halafu ikapanda, ikawa nyembamba, ikawa ya msichana, ikawa ya kitu ambacho si mtu. Nilisikia harufu na nikajiambia ni makonyo. Nilijiambia hivyo hata nilipoona moshi ukitoka kwenye matundu ya juu. Dada ndiye aliyechomoa waya.

Baba hakusogea. "Ila nini?" aliuliza.

Fundi wa Chake aliifungua kesho yake. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Mwalimu, hii asili kabisa," alisema. "Imetengenezwa watumie wenyewe kwao, umeme wao mia moja. Wetu zaidi ya mara mbili. Ile feki ya dukani ingekuvumilia, ile imetengenezwa kwa ajili yetu." Akanionesha fyuzi. Mtu fulani, huko nyuma, alikuwa ameifunga waya ili isikatike tena. Ndiyo maana iliungua kabla ya kuzima.

Ganda la kaseti lilikuwa limelainika upande mmoja na utepe umejisokota kwenye gurudumu la ndani. Alikata kipande chenye urefu wa mkono wangu, akaunganisha kilichobaki, akakihamishia kwenye ganda jingine.

"Itacheza mara moja, kwenye mashine nzuri. Ya pili siahidi."

Laiti asingetumia maneno hayo mawili, mashine nzuri. Nilirudi Unguja na kaseti ndani ya begi la laptopu, na tangu siku ile natafuta. Nimesoma maoni ya watu wa nchi ambazo sitazifikia. Nimezijua mashine kwa majina, kwa miaka, kwa aina ya mkanda unaozungusha magurudumu. Kila niliyokaribia kuinunua nilimkuta mtu mmoja, mahali fulani, anayesema yake ilikula kaseti. Kiredio cha dukani nakiona kila nipitapo Darajani. Mara mbili nimekishika, na mara zote mbili nimekirudisha.

Simu ya dada ilikuwa imerekodi. Baba ana maneno yale machache, na dada humchezea kila baada ya magharibi. Ananiambia huyasikiliza hadi lile la mwisho, kisha huuliza, si kwa hasira, ila nini? Akimaliza huuliza nakuja lini. Mimi hujibu wiki ijayo. Nimejibu hivyo tangu msimu wa karafuu, na sasa ni masika.

Jana dada alipiga simu. Aliniambia amenunua kiredio mwenyewe, cha Mtambile, hakina jina, amekijaribu na kaseti ya harusi mara tatu na kipo sawa.

"Sawa," nilisema. "Na baba?"

Alishusha sauti.

"Leo nimemchezea ile ya simu. Amesikiliza mpaka mwisho." Nilisikia akivuta pumzi. "Kaka, leo hakuuliza kitu."

Nimekata tiketi ya boti ya asubuhi. Kaseti nimeitia mfuko wa shati, na kila baada ya muda naugusa.