Sikio la Ouma

Jamani, leo nimeaibika mbele ya mtu ambaye hata hakujua kwa nini tuna ugomvi.

Mnamjua jirani yangu Ouma, yule fundi wa meli pale bandarini Kisumu. Mwaka juzi nilimwambia "oyawore" njiani asubuhi tatu mfululizo, hakuitikia.

Mtu anyimwe salamu na jirani yake! Nikamsusa. Mkewe alipokufa, sikukanyaga matangani.

Ndiyo, sikwenda. Msiniangalie hivyo.

Leo kaja hospitali ninapofunga watu vidonda. Daktari akaniita nimshikie karabai. Akamwekea Ouma kifaa cha kioo sikioni, akabinya mpira wake mdogo ili hewa iingie, akaniambia nichungulie.

"Ngozi ya ndani ya sikio lisilo na ugonjwa hutikisika hewa ikiisukuma," akasema.

Ya Ouma ilitulia kama ukuta. Akabinya tena. Wapi! Sikio la pili, vilevile.

"Majimaji yameganda huko nyuma miaka mingi, ndiyo maana hasikii. Mwambie."

Nikainama, nikampigia kelele ili asikie. Ouma akanitazama mdomo, halafu akatabasamu.

"Kumbe bado unaniongelesha, ndugu yangu? Siku ya kumzika mama watoto nilikutafuta sana. Nikajiuliza, nilimkosea nini huyu?"

Nyinyi mngefanyaje? Maana kumwomba huyu msamaha ni lazima upige kelele, wodi nzima isikie.

Mimi nilizima karabai, nikamwonyesha kwa kidole dirisha la dawa.