Zawadi ya Bibi kwa Jiko Langu Jipya

Nilipohamia nyumba yangu ya kwanza hapa Nizwa, Oman, mimi mhandisi mzima, nilinunua blenda, oveni na mashine ya kukaangia bila mafuta, nikajiona nimekamilika. Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja anayeishi Sur, akampa ami aniletee zawadi "ya jikoni": mbao mbili za kukunja zilizopishana, na chuma chenye meno mbele.

Jikoni? Nikacheka. Bibi wa watu kazeeka. Hii si marufaa ya kuwekea msahafu? Nikaiweka majlisi, chumba cha wageni, msahafu juu, na kwenye kile chuma nikatundika tasbihi. Akili gani hii, mashaallah!

Ijumaa wakaja wazazi wa mchumba wangu. Baba mtu akaisifu sana. Nikamwambia ni ya ukoo, babu zangu wote wamesomea hapo. Mara Bibi akaingia, kaletwa na ami kutoka Sur.

"Shikamoo, Bibi."

Aliunyanyua msahafu kwa mikono miwili, akaubusu, akampa mkwe wangu mtarajiwa. Akaichomoa tasbihi. Kisha akazikalia zile mbao, meno mbele ya magoti yake, akaninyooshea mkono.

"Mbuzi hii hapa. Haya, mhandisi, lete nazi nikukunie."