Helikopta Juu ya Mabati Yangu

Majirani wa Kabiria bado mnaniuliza ile helikopta ilifuata nini juu ya mabati yangu. Ilifuata kosa langu. Mwenyewe nilikuwa safarini.

Nilikuwa dereva wa Daktari Harbans, daktari wa meno wa Hurlingham, aliyependa kurusha ndege isiyo na injini. Kazi yangu ilikuwa kuivuta kwa trela, kisha kuifuata popote itakapotua.

Usiku wa kuamkia safari, gari na trela vililala nje kwangu. Miaka ile ulifungua kila kinachofunguka kabla mwizi hajakufungulia: redio, vioo vya pembeni, wipa. Nilipomaliza gari nikaingia kwenye ndege, nikafungua kifaa cha rangi ya machungwa, kile cha kuita msaada rubani akikwama porini. Vyote nikavisukuma chini ya kitanda.

Alfajiri nilimchukua Daktari Hurlingham.

"Mzee, kila kitu iko?"

"Iko, Daktari." Vioo, redio na wipa nilikuwa nimerudisha.

Saa nne tulikuwa uwanjani, nyuma ya Milima ya Ngong. Ndege ndogo yenye injini ikamvuta juu, ikamwachia, akaelea kuelekea Bonde la Ufa. Mimi nikafuata na vumbi langu.

Saa saba alisema kwenye redio ya mawasiliano: "Hewa ya kuniinua imeisha. Natua ng'ambo ya kilima chenye vichwa viwili." Kisha kimya. Barabara yangu ikaishia kwenye korongo. Sikuhofu, si ana kile kifaa? Ndipo mke wangu akapiga simu.

"Baba Wanjiru, hii tochi yako ya machungwa ni ya aina gani? Nimeiwasha, inapepesa tu, na kuzima imekataa."

Kumbe kifaa sikukirudisha! Nilipaswa kuomba msaada pale pale. Badala yake nilihangaika kutafuta pa kuvukia, nimfikie Daktari kabla mtu hajajua.

Saa kumi akapiga tena. "Kuna helikopta juu ya nyumba na maafisa mlangoni. Wanataka rubani. Nimewaambia watazame chini ya kitanda, tochi ilikuwa huko."

Afisa mmoja akachukua simu. "Mzee, rubani yuko wapi?"

Ningeweza kusema kifaa kilianguka. Nikasema kweli. "Nilikitoa, afande. Kisiibiwe."

"Kwa ndege?"

"Na wipa pia."

"Ndege iko na wipa?"

"Hapana, afande. Hizo ni za gari."

Akavuta pumzi, akauliza tena rubani alitua wapi; nikamtajia kile kilima chenye vichwa viwili.

Jua likielekea kuzama, helikopta ilimpata; mimi nilifika kwa miguu nikiongozwa na wachungaji wa mifugo. Daktari alikuwa chini ya bawa, mguu umevunjika, maji yamekwisha, akichungulia kinywa cha mchungaji mmoja mwenye jino bovu.

"Mzee," alisema bila kugeuka, "nilipapasa mahali pa kile kifaa mpaka kidole kikachubuka. Nilikuta matundu mawili ya skrubu."

Tulirudi mjini kila mtu kwa njia yake: yeye kwa helikopta hadi hospitali ya Upper Hill, mimi na trela tupu, ndege ikibaki porini.

Siku hizi Daktari hukivaa kile kifaa kifuani, na anachechemea. Akiniuliza kama kila kitu iko, sijibu mpaka nimegusa kimoja kimoja kwa mkono. Kwa kuogopa mwizi, nilimwibia mimi mwenyewe.