Maji Yanafika Mpaka Mlangoni

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, ni dobi, na hakuna mwenye nyumba anayempenda dobi. Shuka anazozirudisha nyeupe pee wanazipenda, lakini kumpangisha hawataki, maana dobi anamaliza maji. Kila alikokwenda kuulizia chumba, swali la kwanza lilikuwa kazi yake, na la pili halikufuata. Na huyu aliyempangisha ameshasema mwezi ukiisha atoke, yeye na mwanawe mdogo, kwa sababu kijana wa mwenye nyumba anaoa.

Ikabaki kununua kiwanja, hata cha kusimamisha chumba kimoja cha mabati. Kaka yuko kazini mbali, anatuma anachopata, kwa hiyo kutafuta kukawa kwetu sisi wanawake. Na viwanja tulivyoviona! Kimoja kilikuwa na wenyewe watatu, kila mmoja anaapa. Kingine, tulipotajiwa bei, tuliomba maji ya kunywa tukaaga. Wifi akaanza kukonda. Akipiga pasi, mkono unarudi palepale mpaka nguo inataka kuungua. Nilimtania kwamba kaka atarudi amkute ananing'inia kambani kwa kibanio. Akageuza nguo akaendelea kupiga pasi, na wifi asiyerudisha utani ana jambo zito.

Ndipo dalali tuliyemwachia namba akampigia simu. "Dada, nimepata mali yako. Bei ya kutupa! Na maji, usiniulize. Maji yanafika mpaka mlangoni."

Wifi alikaa chini. Mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote, umwambie maji yanafika mlangoni! Mimi nikamwambia rahisi ni ghali.

"Mdomo wako una gundu, wifi," akasema. "Vaa viatu twende."

Kiwanja kilikuwa kizuri, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Tambarare, majani mabichi, wakati kwetu ni vumbi tupu. Dalali alitembea harakaharaka akituonyesha: hapa mlango, pale kamba za kuanikia. Jirani alikuwa mmoja tu, mama aliyekuwa anafagia uwanja wake. Wifi akamsalimia, akamuuliza habari za maji.

"Maji?" yule mama akasema. "Yanafika mpaka mlangoni."

Wifi akanigeukia, uso umemkunjuka kwa mara ya kwanza tangu tuanze kuhangaika. "Umesikia?"

"Masika yaliyopita yaliingia mpaka chumbani," mama akaendelea, "yakaondoka na masufuria yangu. Mpaka leo napikia la kuazima."

Dalali akapokea simu ambayo haikuita.

Nilimshika wifi mkono tuondoke, hakutoka. Alikuwa anautazama ukuta wa yule mama. Mstari wa tope kavu uliuzunguka wote, doa la kutotoka kwa sabuni yoyote. Akausogelea, akajipima.

"Unanifika kiunoni," alisema. "Kitanda si kinainuliwa kwa matofali?"

Nilitaka kumgombeza, lakini ningemwambia aende wapi?

Mara mtoto wa yule mama akatoka ndani mbio, akaegemea ukuta kututazama wageni. Mtoto mdogo, kimo cha mwanawe wifi. Ule mstari ulipita juu ya kichwa chake.

Wifi aliondoa mkono ukutani. "Kaka," akamwambia dalali, "tutafutie kwingine."

Tulipokaribia nyumbani akaanza, "Wifi, kule kwako..." akaishia hapo. Nilijua anachotaka kuomba. Kwangu ni chumba kimoja, na mwenye nyumba wangu naye anahesabu ndoo.

"Njooni," nikasema, na mimi nikaanza kuhesabu ndoo kichwani.