Tulialikwa kafe ya vyakula vya kimataifa Kyela mjini, tukaenda na jogoo

Wakuu, mwagonile wote.

Kabla sijaanza nawataja waliokuwepo siku ile, ili akitokea wa kusema nimetunga, ajue pa kwenda kuuliza.

Alikuwepo mdogo wangu Atupele, mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye aliyekuwa anaposwa.

Alikuwepo kitinda mimba wetu Gwamaka, dereva wa bodaboda. Pikipiki yake ina breki, mdomo wake hauna.

Alikuwepo baba mdogo Ambokile wa Katumba Songwe, mdogo wa marehemu baba yetu. Huyu hana simu ya kuingia humu, kwa hiyo naandika kwa amani.

Alikuwepo Lusajo, mwenye kafe na mwenye kuposa.

Nilikuwepo mimi mleta uzi, dada wa Atupele na Gwamaka. Na alikuwepo jogoo mwekundu, ambaye nitamfikia.

Sisi ni yatima. Mama alipomfuata baba nilikuwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikashika jembe la mpunga pale Ikolo na miche ya kakao aliyoiacha baba. Wadogo zangu wakasoma. Sisemi ili mnionee huruma, nasema ili mjue nani alikuwa wapi.

Baba mdogo naye alikuwepo, msibani. Matanga yalipoisha aliondoka na baiskeli ya marehemu, akisema anatutunzia.

Bado anaitunza.

Sasa Lusajo. Ni kijana wa huku huku, alizunguka majiko ya hoteli za Dar na Zanzibar, kisha akarudi akafungua kafe Kyela mjini. Ubao wa mlangoni umeandikwa International Street Food. Yaani vitu ambavyo watu wa nchi nyingine wanakula wamesimama kwa sababu wana haraka, sisi tunavifuata kwa nauli, tumevaa nguo za kanisani.

Kwenye ukoo wetu kuna utaratibu mmoja. Anayeposa anakulisha. Ukila chakula chake, umekubali. Ukikiacha, umekataa, na hakuna haja ya hotuba. Lusajo analala chumba cha nyuma ya kafe, ndiyo kwake. Akasema, "Njooni kwangu mle."

Wiki ile Atupele alinifuata nikiwa naanika kakao. Akaniambia, "Dada, ukisema hapana nitamwacha. Lakini useme wewe. Asiseme baba mdogo."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijaamua. Mtu anayeuza vitu visivyotamkika, leo yuko wazi, kesho amefunga, mdogo wangu atakula nini? Nilitaka kwanza nimwone kwa macho yangu.

Sijui nani alimpelekea baba mdogo taarifa. Habari za chakula zinafika Katumba Songwe haraka kuliko habari za ada ya shule. Asubuhi ya siku yenyewe tukamkuta barazani, amevaa koti.

"Mimi ndiye baba yenu," akasema. "Nikila, ukoo umekubali. Nisipokula, ukoo umekataa."

Gwamaka akamuuliza, "Na utakula?"

"Mwanaume anayevaa aproni? Sili hata tonge. Akitaka nile, aje Katumba Songwe, arudi tena, na arudi tena, mikono ikiwa imejaa."

Atupele akainuka akaenda kusimama nje. Nikajua siku itakuwa ndefu.

Kwenda kwa mkwe mikono mitupu ni aibu, kwa hiyo nikamkamata jogoo, nikamfunga miguu, tukaondoka.

Mlangoni binti anayehudumia akatuzuia. "Mama, samahani. Chakula kutoka nje hakiruhusiwi." Akaonyesha tangazo ukutani, na kweli limeandikwa.

Baba mdogo akasogea mbele. "Binti, hiki ni chakula? Huyu ni jogoo. Atakuwa chakula siku akichinjwa."

"Kwa sasa ni mgeni kama sisi," Gwamaka akasema. "Mpe menyu."

Binti alitafuta kwenye utaratibu wake wa kazi pa kumweka jogoo hai, akakosa. Tukaingia. Jogoo akafungwa kwenye mguu wa kiti.

Nipumue hapa niwaeleze mahali penyewe.

Viti vimetengenezwa kwa zile mbao za kubebea mizigo bandarini. Ukikaa unajihisi umeshushwa kutoka kwenye meli. Menyu ni karatasi yenye mraba wa madoadoa meusi, basi. Baba mdogo akaigeuza, akatazama nyuma. "Mbona wamechora tu, hawajaandika?" Gwamaka akaipiga picha kwa simu, majina yakamwagika kwenye kioo, sote tukayasoma, hakuna aliyeelewa.

Maji ya kunawa hakuna. Kila mtu anapewa kikaratasi chenye unyevunyevu. Sahani hakuna. Chakula kinaletwa juu ya ubao, ule ule ambao kwangu nakatia vitunguu.

"Sahani zimeisha?" baba mdogo akauliza.

"Ndivyo kinavyoletwa, mzee."

Kikatangulia chakula cha Meksiko, ambacho jina lake ukiliandika kwa Kiswahili humu unapigwa ban. Ni vichapati vya mahindi vimekunjwa, ndani kuna usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga, na kachumbari. Baba mdogo akasema, "Mimi sili. Naonja tu, nijue wanatuwekea nini."

Akaonja cha kwake. Akaonja cha Gwamaka. Akaonja kilichokuwa kinasubiri.

Ukaja mkate wa Kichina wa kupikwa kwa mvuke, mweupe, hauna ganda, kama umetolewa jikoni kabla ya kuiva. Baba mdogo akauonja mpaka ukaisha.

Ikaja kabichi ya Kikorea iliyochachishwa kwa makusudi. Wakuu, kwangu kabichi ikifika hatua ile nampa nguruwe, na nguruwe anaitazama kwanza. Pale inaletwa kwenye kibakuli kidogo kama dawa, na unasema asante.

Zikaja ndizi za Kolombia. Ndizi mbichi imekaangwa, ikapondwa, halafu ikakaangwa tena. Sisi huku ndizi inapikwa mbalaga, na maharage au nyama, inaheshimiwa. Gwamaka akaishika moja, akaitazama kwa huruma.

"Hii ndizi ilikosa nini mpaka ipigwe hivi?"

Hata Atupele akacheka. Jogoo naye akawika, wateja wa meza ya pili wakampiga picha.

Mimi nilikuwa nakata vipande nawasogezea wadogo zangu. Ni mazoea. Mliolea wadogo mnanielewa: unasema umeshiba kabla sufuria halijafunuliwa. Lusajo alikuwa jikoni, kuna dirisha kubwa, unamwona anavyohangaika na makaango yake na yeye anakuona. Kila nikiinua macho nakuta anatazama meza yetu. Nikadhani anamwangalia Atupele.

Mbao zilipokuwa zimebaki makombo, Atupele akajikaza. Akauliza kwa upole kabisa, "Baba mdogo, si umekula?"

"Nani amekula?" Akajifuta midomo. "Tangu tumefika sijala. Hivi ni vitafunwa. Mtu hajagusa wali, hajagusa mbalaga, atasemaje amekula?"

Wakuu, nitende haki. Hapo alikuwa na hoja. Kyela mtu anaweza kuchinjiwa mbuzi mzima, asipoona wali anarudi nyumbani na kusema amelala njaa. Yaani amezunguka Meksiko, China, Korea na Kolombia, na bado tumbo lake kisheria ni tupu.

Tabasamu la Atupele likaondoka. Akaanza kukunja kile kikaratasi cha kunawia, anakikunja, anakikunjua.

Lusajo alikuwa amekuja kuondoa mbao. Alisikia yote. Akarudi jikoni.

Aliporudi alikuwa amebeba jagi na beseni, taulo begani.

Hapo sote tukakaa sawa. Kikaratasi ni kikaratasi, lakini maji ya mikono huku kwetu yana maana yake: sasa mnakwenda kula. Na anayenawishwa kwanza ndiye mkubwa wa meza. Baba mdogo akakunja mikono ya koti, akanyoosha viganja mbele.

Lusajo akampita.

Akazunguka meza yote mpaka nilipokaa mimi, akainama. "Dada, anza wewe."

"We kijana," baba mdogo akasema, mikono bado iko hewani. "Mkubwa yuko huku."

"Nakuona, mzee. Maji yanakuja." Akanigeukia. "Wenzako wote wameonja. Wewe nimekutazama tangu mwanzo, hujameza kitu. Kila ninachokuletea kinaishia kwa hawa."

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Mtu wa mwisho kuninawisha mimi kwanza alikuwa mama, nilipotoka kuangalia matokeo ya darasa la saba. Sitaandika mengi hapo.

Akawanawisha na wengine, halafu akaleta chakula chenyewe. Akasema Indonesia wanakiuza barabarani: wali unafungwa kwenye jani la mgomba na samaki ndani, unachomwa juu ya mkaa. Kila mtu akapewa jani lake. Samaki alikuwa mbasa wa ziwani kwetu. Na tulipofungua, ile harufu ikapanda, mnaijua, mchele wa Kyela haujifichi. Umeitwa jina la Kiindonesia lakini ulikuwa wa nyumbani.

Mikono ya baba mdogo, iliyokuwa haijatulia tangu tufike, ikaingia chini ya meza.

Atupele hakunitazama. Alikuwa anatazama jani langu.

Nikamega tonge, nikala. Nikamega la pili. Pilipili ilizidi, nasema ukweli, lakini nilikula mpaka nikabaki na jani na miiba.

"We binti!" Baba mdogo akapiga meza. "Jibu la posa linatolewa na mwanamke tangu lini? Nani amekuambia ule?"

"Baba mdogo," nikamwambia, "asubuhi umesema kula ndiyo jibu. Na hapa umesema mwenyewe kwamba hujala. Mtu ambaye hajala hana jibu. Mimi nimekula."

Gwamaka alipaliwa na wali. Atupele akalaza kichwa mezani, mabega yanamtikisika, nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka. Lusajo alikuwa ameshika tena beseni lake, akasimama kama mtu aliyesahau linawekwa wapi.

Baba mdogo akalitazama jani lake. Lilikuwa linafuka moshi. Akila, amekubali. Akiacha, anaacha wali wa Kyela na mbasa mzima, jambo ambalo sijawahi kuona mtu wa damu yetu akilifanya.

Akamwita binti anayehudumia. "Nifungie hili. Nitakwenda nalo."

"Take away, mzee?"

"Sijala," akasema, akinikazia macho. "Nimebeba."

Gwamaka ndiye aliyempeleka. Anasema walipokaribia Katumba Songwe mzee aliomba pikipiki isimame achimbe dawa. Akaingia kichakani na mfuko, akakaa huko muda ambao dawa haichimbwi. Alitoka bila mfuko, anajifuta ndevu.

Kwa hiyo ukoo mzima umekubali, isipokuwa mmoja wetu amekubalia kichakani.

Nilichojifunza ni kwamba vyakula vya dunia havina ubaya, vina kelele tu. Ubao, madoadoa, majina. Ukitaka kumjua mtu, usiangalie anapika nchi ngapi. Angalia kama ameona nani mezani hajala. Na wewe uliyekimbia wakati wa kulea, ukija kwenye posa, kula kimya.

Jogoo yuko kule kule nyuma ya kafe. Lusajo amekataa kumchinja, anasema aliingia kama mgeni. Anawika alfajiri, majirani wanalalamika.

Sasa nafika kwenye ninachowaombea ushauri.

Utaratibu wetu una nusu ya pili. Aliyelishwa lazima alishe. Lusajo inabidi aje kula kwangu Ikolo kabla siku ya harusi haijapangwa. Nimemaliza kuvuna mpunga na bado sijamwalika. Nikiwaza mbalaga naona ndogo. Nikiwaza kuku naona wa kawaida. Atupele ameanza kuniuliza kila jioni, "Dada, vipi?" Jana ameniambia, "Pika wali tu. Yeye hana shida."

Najua hana shida. Shida ni yangu. Yale maji alinipa yeye, lakini hakuwa yeye aliyetakiwa kunipa. Kuna mtu mwingine alipaswa kuninawisha miaka mingi iliyopita, akaondoka na baiskeli. Kijana wa watu amelipa deni lisilo lake, na sasa limehamia kwangu, na sijui linalipwa kwa chakula gani.

Karibuni mniambie nipike nini. Mliopo Dar mtakaosema niagize pizza, piteni kimya kimya.

Jagi jipya nimeshanunua sokoni. Liko kabatini, stika ya bei sijaibandua.