Nadharia za Kitu Kisichokuwepo

Kufikia mwaka wa nne wa uzamivu nilikuwa siwezi tena kuota ndoto za kawaida. Niliota alama. Nilichunguza makundi, si ya watu, bali ya kihisabati, ya vitu vinavyojumlishwa kwa kanuni maalumu. Makundi yangu yalipaswa kutimiza masharti matatu kwa mpigo, na juu yake nilikuwa nimethibitisha nadharia nzuri, nzuri kweli, moja ikizaa nyingine. Kilichobaki ni kutetea tasnifu. Likizo yangu ya masomo ilikuwa inaisha muhula ule, na chuo nilikokuwa nafundisha kilikuwa kimeshasema wazi: urudi na shahada, la sivyo nafasi yako anapewa mwingine.

Msimamizi wangu, Mkenya mwenye sauti ya upole, alidharau kitu kimoja tu maishani: mifano. "Mifano ni ya watoto wa sekondari," alizoea kusema. "Wewe thibitisha kwa jumla, mifano itajileta yenyewe." Nami nikathibitisha kwa jumla, tena kwa maringo. Wenzangu waliohangaika na vikundi vidogo vya kuhesabika niliwaona kama watu wanaojaza pipa kwa kijiko.

Alhamisi moja, utetezi ukikaribia, ikafika zamu yangu kwenye semina. Nilipomaliza kueleza, mwanafunzi mwenzetu kutoka Goma, baba wa watu, mpole, akainua mkono.

"Dada, tupatie mfano moja tu. Kundi yenye iko na hizo masharti yote tatu."

"Kundi lenye sifuri peke yake," nikajibu, na watu wakacheka, maana hilo halishindwi na sharti lolote.

"Ee, hiyo tunajua. Ingine?"

Nikafunua daftari langu, nikalifunga. Yeye akaomba kalamu, akaenda ubaoni. Alichukua sharti la kwanza, akaliunganisha na la tatu, na nikaona anakoelekea kabla hajafika. Kabla ya mstari wa mwisho akasimama, akanirudishia kalamu. Ndiyo desturi ya semina yetu: mwenye kazi ndiye anayeimalizia, asije akazikwa na mkono wa mwingine.

"Pole, dada," akasema. "Malizia."

Nikaandika kwamba kundi lolote la namna ile ni sifuri tu. Miaka yote ile nilikuwa nikithibitisha habari za kitu kisichokuwepo. Hakuna nadharia yangu hata moja iliyokuwa na kosa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilitwanga maji kwenye kinu, tena kwa ustadi.

Msimamizi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Tutatafuta mada nyingine," akasema. Tutatafuta! Yeye kiti chake kilikuwa palepale.

Nilipanda pikipiki kwenda Masaka, pembezoni mwa jiji, kwa mama yangu, maana nilihitaji mtu wa kumlilia. Njia nzima sikuona sababu ya kuamka kesho. Nikamkuta amekaa na wenzake wa kanisani wakichambua maharage. Mama amekulia Tanzania, na Kiswahili chake hakina haya.

"Huyu hapa! Mwanangu, waeleze wenzangu umegundua nini, ila kwa lugha ya binadamu."

"Yego, tubwire! Tuambie!" akasema mmoja, akinisogezea kigoda.

Nilifungua kinywa niseme ukweli, yakatoka mengine. Niliwaeleza masharti yangu kwa kupanga maharage kwenye ungo. Nikawaonyesha nadharia ya kwanza inavyozaa ya pili, na ya pili inavyobeba zilizobaki. Sijawahi kueleza vizuri kiasi kile. Mmoja aliuliza swali la maana kabisa, nikamjibu. Kisha wakapiga makofi na kumshukuru Mungu kwa wimbo. Tasnifu yangu haikupata utetezi mwingine zaidi ya huo.

Mama alinikumbatia huku akilia, akataka kujua ashone mushanana, vazi la sherehe, wa rangi gani wa kuvaa siku ya mahafali yangu.

Nikamwambia wa bluu.