Sweta ya Kijani ya Mama Jeshi

Kazi yangu ni kufuma sweta. Nina mashine mbili kwenye kibanda cha mabati nje ya geti la ploti yetu hapa mtaa wa Tena, na asubuhi watoto wakienda shule najua sweta zangu kwa mbali, hata zikiwa zimechanika. Watu husema nina mkono mzuri. Lakini mama yangu mzazi, ninayeishi naye na kumpikia, hajawahi kutoka nje na sweta niliyoifuma mimi.

Alikuwa na yake. Nzito, ya kijani kilichokolea, yenye vipande vya kitambaa kigumu mabegani na viwikoni. Ilikuwa ya mdogo wangu, ambaye ni mwanajeshi. Alikuja nayo likizo yake ya kwanza, mwezi wa Julai, baridi ikiuma na Mama akikohoa. Walikuwa wameketi na wageni sebuleni. Akaivua, akamvika Mama mbele yao wote, wageni wakapiga makofi. Mimi nilikuwa jikoni nikisukuma chapati, na nilisikia makofi kabla ya kujua ni ya nini. Aliporudi kambini, sweta ilibaki. Nadhani alifikiri Mama ataivaa ndani ya nyumba tu. Ndani! Basi hakumjua mama yake.

Ilianza sokoni, ikafika kanisani. Pasta alipoombea askari wetu, alimwomba Mama asimame, naye akasimama huku amekunja mikono ili viwiko vionekane vizuri. Kwenye foleni ya kliniki alipewa kiti. Keateka wa ploti yetu, yule mwangalizi ambaye siku za mgao hufunga maji na kuzima simu, alimfungulia Mama mfereji na kumbebea mtungi mpaka mlangoni. Mtungi huo siku zote nilikuwa nikiubeba mimi.

Hayo yote ningeyameza. Jambo lililonishinda ni jina. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na mtoto wa kwanza ni mimi. Tangu nizaliwe mama yangu ameitwa Mama Fulani, na huyo Fulani ndiye mimi. Nilipokuwa mdogo nilipenda kusikia majirani wakimwita, kwa sababu ni kama walikuwa wakiniita mimi pia. Sweta ilipoanza kutembea mtaani, muuza mboga akamwita Mama Jeshi kwa utani. Mama akacheka, akaitikia. Kabla ya mvua kunyesha, mtaa mzima ulikuwa Mama Jeshi, Mama Jeshi, na jina langu likawa limeng'oka kama kifungo kilichoshonwa kwa uzi mbovu.

Nilitaka jina langu lirudi. Sikutaka kingine chochote.

Basi nikaanza vita, na vita vyangu nilivipigana kwa sheria. Kila mtu anajua kwamba raia haruhusiwi kuvaa nguo ya jeshi, na hata inayofanana nayo inaweza kukutia taabani. Nilimwambia Mama hivyo akinywa chai. Nilimwambia tena tukitoka kanisani.

"Mum, utashikwa. Hiyo ni nguo ya serikali."

"Nani atanishika? Waambie waje. Nitawaonyesha picha ya mtoto wangu."

"Wakikuvulisha hiyo kitu hapo barabarani je?"

"Wee! Wewe ni wivu tu inakusumbua."

Alisema hivyo akicheka, lakini alisema. Na ilikuwa kweli, niliona gere mpaka usingizi ukapungua. Sheria nilikuwa nayo mdomoni tu; rohoni nilikuwa na donge. Lakini hata mwenye donge anaweza kusema ukweli, na niliyoyasema yalikuwa ukweli. Mama aliweka pamba masikioni.

Nikajaribu njia ya pili. Nikamfumia sweta. Nilimfumia kwa kukisia, maana hakuwa na wakati wa kusimama nimpime. Ya kwanza ilikuwa ya maruni, yenye mifuko, laini kuliko zote nilizowahi kuuza. Alinishukuru, akaomba Mungu abariki mikono yangu, na wiki hiyo hiyo nikaikuta imezungushwa kwenye sufuria ya githeri ili isipoe. Ya pili, ya bluu, alimpa shangazi. Ya tatu sikuimaliza.

Mwaka huu mdogo wangu akaja tena. Alipiga simu akiwa barabarani, na Mama akavaa. Alivaa kitambaa kipya kichwani, viatu vya kanisani, na juu ya yote sweta ya kijani, aliyokuwa ameipiga pasi mpaka mabega yakasimama. Akatoka kumngoja getini. Mimi nilikuwa kibandani kwangu, mkono kwenye mashine, kwa hiyo niliona kila kitu.

Kijana alikuja amevaa jinzi na fulana, begi mgongoni, kama mtu yeyote wa mtaa huu. Mama alifungua mikono. Yeye hakuingia kwenye ile mikono. Alisimama, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa:

"Mum. Toa hiyo."

Mama akaitoa. Hapo hapo getini, mbele ya keateka na muuza mboga, bila hata kuuliza kwa nini. Aliivuta juu ya kichwa, kitambaa kipya kikaanguka, mvi zikasimama. Akaikunja vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anayerudisha kitu alichoazimwa.

Nilifurahi. Siwezi kudanganya, nilifurahi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha roho ikaniuma kuliko siku zote. Mimi nilikuwa nimesema kwa miaka, nimebembeleza, nimetisha, nimefuma. Yeye alisema maneno mawili.

Ndani ya nyumba alimweleza taratibu, amemshika mkono. Alisema nguo kama ile inaonyesha watu mlango wa nyumba ya mwanajeshi, na si kila anayeuliza habari zake anamtakia mema. Alisema kazini wakijua, atakayejibu ni yeye. Mama aliitikia kwa kichwa kila neno. Kisha mdogo wangu akanigeukia.

"Na wewe je, sista? Si ndio unaishi na yeye? Mbona hukumwambia?"

Nikamwangalia Mama. Nilingoja. Neno moja tu lingenitosha: aliniambia. Mama aliinama akaanza kumwagia mtoto wake chai, akajaza kikombe mpaka kikafurika kwenye sosa.

"Kula chapati zako zikiwa moto," akamwambia.

Chapati nilizipika mimi.

Aliporudi kambini aliondoka na ile sweta ndani ya begi. Nikasema basi, sasa mtaa utasahau. Kesho yake Mama akapita kwa muuza mboga amejifunga leso tu, na nikamsikia yule muuzaji akiita kwa nguvu zote, "Mama Jeshi! Mambo? Kuja ujionee sukuma!" Mama akaitikia. Lakini hakucheka, na hakusimama sana. Alikuja akaketi kwenye kiti cha wateja kibandani kwangu. Kumbe alikuwa mdogo hivyo! Ile sweta ilikuwa imempa mabega.

Alikuja siku iliyofuata, na nyingine. Alikuwa akishika uzi, akiugeuza, akiurudisha rafuni. Nilijua kuna neno linakuja, na moyo wangu, mjinga huyu, ukaanza kujipamba. Niliwaza ataomba ile ya bluu nimfumie upya. Niliwaza hata ataniita kwa jina langu kwanza.

"Unajua hii mashine yako inaweza kutoa sweta nzito?" akauliza.

"Inaweza, Mum. Unataka?"

"Nitengenezee kama ile."

Nikajifanya sijaelewa. "Ile gani?"

"Ya kijani. Ukiweka vitambaa hapa na hapa." Akajigusa bega, akajigusa kiwiko.

"Hata inayofanana ni makosa, Mum. Na umesikia mwenyewe hatari aliyoisema."

"Nitaivaa ndani tu," akasema, na macho yake yakaenda getini.

Ningeweza kumkatalia, na sheria ilikuwa upande wangu kama kawaida. Lakini alikuwa ameshainuka. Alikuwa amesimama mbele yangu wima, leso ameiweka kando, mikono ameinyoosha pande zote mbili kabla sijamwambia. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimfumia kwa kukisia. Nikachukua tepu shingoni mwangu, nikamsogelea mpaka nikasikia pumzi yake, nikaanza na mabega.